Bima ya wageni imekataa bili yangu ya hospitali, na sasa dalali ananivuta bima binafsi. Nishaurini (Ujerumani)

Mgeni_wa_Leipzig · 14 Septemba 2025

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na bahasha ya tatu mezani, zote za hospitali moja. Mwenye uzoefu na bima za huku Ujerumani anisaidie kabla sijasaini kitu nikaja kukijutia.

Nina miaka 33. Nilikuja kusoma uzamili nikiwa na 31, na balaa langu lilianzia hapo, maana bei nafuu ya wanafunzi kwenye bima ya umma inakoma mtu akishatimiza miaka 30. Nikanunua mtandaoni ile bima ya wageni, ya yuro thelathini na kitu kwa mwezi. Ofisi ya wageni ikaipokea, nami nikasahau kama ipo. Miaka miwili sikuumwa hata jino.

Mwezi Julai, saa nane za usiku, tumbo likanishika upande wa kulia nikawa siwezi kunyooka. Jirani akanipeleka hospitali. Pale mapokezi nesi akaniuliza, huku anaandika, kama nimewahi kuwa na tatizo lolote la tumbo. Mimi na adabu zangu nikamwaga yote: kwamba kabla sijaja huku daktari alinipima akaniambia nina fibroidi mbili ndogo kwenye kizazi, hazina neno. Nikamwona anaandika. Wakanipiga ultrasaundi, wakakuta uvimbe wa maji kwenye ovari umepasuka. Nililazwa siku mbili, dripu na dawa za maumivu, sikufanyiwa upasuaji, nikaruhusiwa.

Bili ni yuro 2,940. Kampuni ya bima ilikaa nayo wiki tano, ikataka jina la kila daktari aliyewahi kunigusa miaka mitano nyuma, kisha ikaleta karatasi yenye sentensi moja tu ya maana: hatulipi, huu ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba.

Huku nyuma nimepata kazi, naanza tarehe 1 Novemba. Uanafunzi unaisha 30 Septemba. Kuna dalali wa bima tulikutana kwenye hafla ya wahitimu, ananishikilia niingie bima binafsi. Anasema nitamwona daktari wiki hiyohiyo, na kwa umri wangu itanitoka kidogo kuliko ya umma. Nilipomtajia fibroidi akasema, "Hiyo usiandike." Tangu siku hiyo usingizi umenitoka. Februari mume wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu wanakuja, na mume mwanzoni hatakuwa na kazi, atakuwa anasoma lugha.

Kwa hiyo hii bili naifanyaje? Niingie bima gani? Na hizi fibroidi, nikizitaja tena si nitakataliwa kila mlango?

---

Nesi_wa_Usiku · 14 Septemba

Pole sana dada yangu. Mimi ni nesi, mwaka wa tisa sasa kwenye hospitali za huku, na lile swali uliloulizwa mapokezi huwa naliuliza mwenyewe kila zamu. Usijilaumu kwa kusema kweli. Daktari anayejua una fibroidi hahangaiki akiziona kwenye picha, anapita moja kwa moja kwenye kinachouma.

Sasa soma hapa taratibu. Fibroidi inaota kwenye msuli wa kizazi. Kilichokupasukia kilikuwa kwenye ovari. Hivyo ni viungo viwili. Tafuta barua ya daktari uliyopewa ulipotoka wodini, wanaiita Arztbrief. Kama huna, omba nakala, ni haki yako. Humo kuna orodha ya magonjwa, na kila ugonjwa una herufi na namba yake. Fibroidi ni D25. Uvimbe wa ovari ni N83. Kilichokulaza kinatakiwa kuwa N83, na hiyo D25 ikiwemo basi iwe kwenye historia tu. Nahisi mtu wa bima aliona neno fibroidi akaacha kusoma. Si mara ya kwanza kuona hivyo.

Mwombe daktari wa wodi (mapokezi hawatakusaidia) akuandikie mistari mitatu: mgonjwa aliletwa kwa tatizo la ghafla, uvimbe wa ovari ulipasuka, hauhusiani na fibroidi. Uambatanishe na barua ya pingamizi, uitume kwa posta ile ya kusainiwa. Wadai wakuandikie ni kifungu gani cha mkataba wametumia na ni ugonjwa gani hasa "uliokuwepo". Wakilazimika kuutaja kwa jina, hapo ndipo utakapowabana.

Lakini bili usiiweke kabatini ukisubiri haki. Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Kwa macho ya hospitali mdaiwa ni wewe, bima ni ugomvi wako. Inakuja bili, linakuja kumbusho, linakuja kumbusho lenye ada, halafu deni linapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni nayo inaongeza ya kwake. Kesho asubuhi piga simu idara yao ya hesabu, waeleze una mgogoro na bima na unaomba kulipa kidogokidogo. Taja kiasi wewe kwanza, usingoje waseme wao.

Kampuni ikiendelea kugoma, na kama ni ya Ujerumani, kuna msuluhishi wa malalamiko ya bima binafsi za afya, ofisi yake iko Berlin, hatozi kitu. Pia kuna Verbraucherzentrale, watetezi wa watumiaji, nao wapo hapohapo Leipzig kwako, kwa ada kidogo.

La mwisho halihusu bili. Usiku ule hukukosea kwenda hospitali. Ila wengine mnaosoma hapa: homa ya Jumamosi, koo, mkojo unaochoma, hiyo ni 116117, daktari wa zamu. 112 ni kwa hatari ya maisha. Watu wanakaa saa sita kwenye benchi letu kwa ajili ya mafua halafu wananinunia mimi.

---

Baba_wa_Watatu · 15 Septemba

Dalali wa namna hiyo alinifuata mimi miaka 12 iliyopita, na alinipata.

Nilikuwa na miaka 29, mhandisi, sina mke, mshahara umeshavuka kile kiwango cha kuruhusiwa kutoka bima ya umma. Niliambiwa maneno hayohayo, karibu neno kwa neno. Na kwenye miadi hakunidanganya, nisiwe mnafiki. Nikipiga simu kwa daktari wa ngozi swali la kwanza ni bima ya umma au binafsi, nikisema binafsi sauti inalainika, napewa Alhamisi. Mke wa rafiki yangu, kadi ya umma, kwa daktari huyohuyo alipewa baada ya miezi minne.

Asichokwambia ni hiki. Bima binafsi haitazami mshahara wako. Inatazama umri na mwili ulioingia nao siku ya kwanza, na kila kichwa kina bei yake. Mtoto wa kwanza, bei. Wa pili, bei. Mke akaacha kazi kulea, naye bei. Wa tatu alipozaliwa nilikaa kwenye korido ya wodi ya wazazi na simu mkononi napiga hesabu, mke wangu akadhani natuma picha kwa ndugu. Ningekuwa bima ya umma, wote wanne wangeingia chini ya kadi yangu bila senti ya ziada.

Halafu kuna kulipa kwanza. Bili ya daktari inakuja nyumbani kwa jina lako. Ina mistari ya huduma, na kila mstari una kizidisho, mara nyingi 2.3, yaani bei iliyopangwa kwenye kitabu cha ada za madaktari, mara mbili na nukta tatu. Unalipa, unatuma bima, unasubiri. Mwaka juzi kuna mwezi nilikuwa naidai bima yuro 1,800 na mwenye nyumba ananidai mimi.

Kurudi? Mlango upo ila mwembamba: uwe mwajiriwa na mshahara ushuke chini ya kiwango. Ukifika miaka 55 hata huo unafungwa, unabaki ufa. Mimi nina 41. Nahesabu.

Dada, mume hatakuwa na kipato na mtoto anakuja naye, mimi sihitaji kusikia zaidi ya hapo. Na huyo aliyekwambia "usiandike" mkimbie. Fomu ya bima binafsi inauliza magonjwa. Ukificha wakaja kujua, wana haki ya kuuvunja mkataba, na hospitali yako tayari ina karatasi yenye neno hilo. Wakati huo yeye kamisheni ameshaila.

---

Mgeni_wa_Leipzig · 15 Septemba

Nesi, Mungu akuzidishie. Barua ilikuwamo kwenye bahasha ya kwanza kabisa, nyuma ya bili, sikuwa hata nimeigeuza. Ukurasa wa pili juu: N83.2. Chini kabisa, kwenye historia: D25.9. Nimepiga ukelele peke yangu jikoni.

Kaka Baba_wa_Watatu, pole na asante. Hicho kiwango unachosema ni kiasi gani? Mkataba wangu mimi ni yuro 51,600 kwa mwaka.

---

Dawati_la_Mishahara · 15 Septemba

Kumbe! Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe sentensi yako ya kwanza.

Kiwango cha mwaka 2025 ni yuro 73,800. Mwajiriwa aliye chini ya hapo yuko bima ya umma kwa lazima, hana hiari. Huyo dalali alikuwa anakuuzia kitu ambacho kwa mshahara wako kuanzia Novemba sheria haikuruhusu kukichagua. Ama hakuuliza mshahara, ama aliuliza akameza mate.

Mimi naandaa mishahara kwenye kampuni yenye wageni wengi, kwa hiyo nakuambia kama ninavyowaambia wao.

Mifuko ya bima ya umma (neno utakaloliona ni Krankenkasse) ipo mingi na unachagua wewe, siyo mwajiri. Ukikaa kimya zaidi ya wiki mbili tangu uanze kazi, mwajiri anakuchagulia. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara kwenye mifuko yote, kisha kila mfuko una nyongeza yake. Jumla inagawanywa nusu kwa nusu, wewe na mwajiri, na ya kwako inakatwa kabla hujaiona. Huduma karibu zote zimepangwa na sheria, zinafanana. Tofauti ni hiyo nyongeza, na kama simu inapokelewa. Mimi huwaambia wapige Jumatatu saa nne asubuhi kabla hawajajiunga, wahesabu dakika za muziki.

Fibroidi: hakuna atakayekuuliza. Fomu ya mfuko wa umma haina ukurasa wa magonjwa. Aliye na wajibu wa kuingia hakataliwi, na matibabu yanaanza siku ya kwanza hata kama ugonjwa una miaka ishirini mwilini.

Mume na mtoto wanaingia bima ya familia bila mchango, mradi mume asipate zaidi ya kiwango, ambacho kwa mwaka 2025 ni yuro 535 kwa mwezi, au 556 akishika kile kibarua kidogo cha Minijob. Wanaingia wakishakuwa wakaazi hapa, siyo kabla, kwa hiyo safari yenyewe na siku za mwanzo wawe na bima ya viza. Cheti cha ndoa na cha kuzaliwa vitafsiriwe mapema. Mtafsiri awe wa kiapo, msinichoshe na tafsiri za binamu.

Na hicho cheti cha mtoto mpe mtu wa mishahara siku ya kwanza ya kazi, usingoje Februari! Kuna bima ya matunzo ya wazee na wasiojiweza inayokatwa pamoja na ya afya, na mtu mzima asiye na mtoto anaongezewa asilimia 0.6. Wewe una mtoto. Nina watu waliokatwa muda mrefu kwa sababu cheti kilikuwa kwenye begi.

Pa kuangalia kwa makini ni Oktoba. Siyo mwanafunzi, bado siyo mwajiriwa. Kujiunga na mfuko wa umma kwa hiari kunataka uwe umeshakaa ndani yake siku za nyuma, nawe huna hiyo historia. Kwa hiyo bima yako mbovu usiivunje kwa hasira. Soma kama inaendelea mtu akishaacha uanafunzi, maana zipo zinazokufa siku chuo kinapokufuta kwenye rejista. Kama inaendelea, ivute hadi 31 Oktoba. Kama haiendelei, nunua ya mwezi mmoja leo, siyo tarehe 29.

---

Mpitanjia · 16 Septemba

Nauliza kijinga. Kwa hiyo mkishakuwa na kadi ya umma hamlipi tena kitu?

---

Nesi_wa_Usiku · 16 Septemba

Tunalipa, ila vidogo. Dawa ya kuandikiwa ni asilimia 10 ya bei, isipungue yuro 5 wala isizidi 10. Kulazwa ni yuro 10 kwa siku, mwisho siku 28 kwa mwaka. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi hizo. Na ukijumlisha za mwaka zikazidi asilimia 2 ya kipato cha nyumba (1 kwa mwenye ugonjwa sugu), unaomba msamaha kwa kinachozidi. Tunza risiti.

Mahali pa kulia ni meno. Kadi inachangia asilimia 60 ya jino la bandia lile la kawaida, siyo la kupendeza. Kuna kijitabu unapigwa muhuri kila mwaka ukienda kukaguliwa. Ukiwa nayo mihuri ya miaka mitano mfululizo unapata 70, ya miaka kumi 75. Kiombe ziara ya kwanza kabisa. Mimi nilikaa miaka minne sijui kama kipo, na taji la jino likaja mwaka wa tano.

---

Baba_wa_Watatu · 16 Septemba

Niongezee kwa Mgeni: ukishapata kadi, tafuta daktari wa familia ukiwa mzima. Hausarzt. Wengi wameandika mlangoni hawapokei wapya, na ukianza kuwatafuta ukiwa na homa ya 39 utalia. Rufaa ya kwenda kwa mtaalamu inatoka kwake. Akiiandika kuwa ni ya haraka anaweka na namba maalumu, na kwa namba hiyo unapiga 116117 wakutafutie wao miadi. Huo ndio ujanja wa wenye kadi ya umma, nimefundishwa na mke wa rafiki yangu baada ya miezi minne yake.

---

Mgeni_wa_Leipzig · 9 Novemba 2025

Wakuu, nimerudi na habari.

Oktoba niliivuka. Bima ya zamani ingekufa 30 Septemba kweli, ilikuwa imeandikwa kifungu cha 4 kwa herufi za sisimizi. Nikanunua nyingine ya mwezi mmoja, sikuitumia. Nilitembea mwezi mzima kama nimebeba mayai.

Mfuko nimechagua kwa njia ya Dawati_la_Mishahara. Wa kwanza, dakika 31 za muziki. Wa pili alipokea mama mmoja dakika ya tatu, nikamwambia nina fibroidi, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Sawa, na anwani yako?" Nilicheka akashangaa. Cheti cha mtoto nilikipeleka siku ya kwanza ya kazi, dada wa mishahara akasema mimi ni wa kwanza kukileta bila kukumbushwa.

Daktari wa wodi aliandika mistari yake mitatu, kweli mitatu, nikaituma na pingamizi. Kampuni imejibu kwamba "inalipitia upya" shauri langu. Nimewapa hadi 30 Novemba, baada ya hapo naandika Berlin. Hospitali wamekubali yuro 80 kwa mwezi. Nilitaja 60.

Dalali naye alipiga. Nikamtajia mshahara. Kimya. Akasema atanitafuta ukipanda.

Kumebaki kitu kimoja. Mfuko wameniletea fomu ya bima ya familia, na ya kadi ina sehemu ya kubandika picha. Mtoto wangu hatulii mbele ya kamera hata kidogo, picha ishirini na zote amefumba macho au ametoa ulimi. Ni lazima?

---

Dawati_la_Mishahara · 9 Novemba

Chini ya miaka 15 kadi haihitaji picha. Acha patupu.